Akikoroma Usimwache Alale

Kama utakuwa Mama Ngina, ufukweni Mombasa, usiku wa Jumamosi na mwenzako akajinyoosha juu ya ukuta, akakoroma kwa namna usiyoizoea, usimwache. Mwamshe. Asipoamka, mlaze ubavu, tafuta gari, mkimbize Hospitali Kuu ya Pwani. Shika hilo kwanza, maelezo yanafuata.

Kisa cha muguka, lile jani la kutafuna linalofukuza usingizi, sote tunakijua. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir aliupiga marufuku Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Haikupita wiki, Rais Ruto akasema amri hizo hazina nguvu kwa kuwa sheria ya taifa inalitambua zao hilo, na Mahakama Kuu kule Embu ikazisimamisha. Barazani tukagawanyika: wazazi huku, wakulima wa Mbeere kule, na katikati vijana wakiuliza, mtu mzima akila jani kwa pesa yake huku akitazama meli zikiingia Kilindini, amemkosea nani?

Swali hilo silidharau. Jioni moja nilikaa chini ya mibuyu na sahani yangu ya muhogo wa kukaanga, kando ya vijana watatu waliokuwa wakitafuna muguka kwa karanga na chingamu ya Big G. Mmoja akaniambia, "Ami, mimi sivuti unga, sijidungi. Hili ni langu na Mungu wangu." Sikuwa na jibu la kumshinda. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2018 kwamba mtu mzima kutumia bangi faraghani si kosa, na hapa kwetu Marasta walikwenda mahakamani 2021 kudai haki inayokaribiana na hiyo. Hayo yajadiliwe, hata mwaka mzima.

Ila ilipofika saa nne, kijana yule yule alitoa kikaratasi mfukoni. Vidonge viwili. "Vya kukata stimu," akasema. "Kesho kazi."

Hapo ndipo ninapopiga mbiu. Kathinoni iliyomo kwenye muguka ni ndugu ya amfetamini: hufukuza usingizi na njaa, moyo ukaenda mbio. Mlaji akitaka kulala hutafuta cha kumshusha, kidonge cha usingizi, pombe, wengine unga, yaani heroini. Anadhani kimoja kitafuta kingine, kama hesabu ya kujumlisha na kutoa. Mwili hauna hesabu hiyo. Jani halifuti kidonge, linakificha tu. Likiwa bado kali damuni, vidonge viwili huonekana havifanyi kitu, basi anaongeza cha tatu na kukishushia kwa bia. Baadaye nguvu ya jani inaisha, vidonge na pombe vinabaki peke yao, na pumzi zinaanza kupungua mtu akiwa usingizini. Wenzake wanasikia mkoromo, wanasema, "Mwache, amechoka."

Midomo au kucha zikibadilika rangi, huyo hakuchoka. Usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa (najua mama zetu wanayaamini sana), usimtapishe. Ukifika hospitali sema ukweli wote wa alichomeza, hata kama ni aibu, maana daktari hawezi kupambana na kitu asichokijua. Aliyetoka rumande, au aliyeacha unga kwa wiki kadhaa, yuko hatarini zaidi ya wote, kwa sababu kipimo alichokizoea zamani sasa chaweza kumuua. Anayetaka msaada wa kuacha apige 1192, namba isiyo na malipo ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Na ukuta ule, jamani, si kitanda. Chini yake ni mawe na mkondo wa bahari.

Wapo watakaosema nimeingilia uhuru wa watu. Mla muguka nimemwachia uhuru wake: jani amelichambua kwa vidole vyake mwenyewe, anajua amekula nini. Ila kidonge kilichofungwa kwenye kipande cha gazeti, kikauzwa gizani kimoja kimoja, aliyekichagua ni muuzaji.

Kijana yule nilimwuliza vidonge vyake vinaitwaje. Akavigeuzageuza kwenye mwanga wa taa, akacheka.

"Vyeupe, Ami."