Volkano haingoje komunike

Wanainchi wenzetu wa Goma, tunakumbuka tarehe 22 Mei 2021. Mbingu ilikuwa nyekundu, watu wanakimbilia Gisenyi na Sake, na mwanzoni hata jina la volkano halikueleweka: Nyamulagira ao Nyiragongo? Neno la wakubwa lilichelewa, njo maana mabongo yakajaa ku simu. Tarehe 27, asubuhi mapema, wakaamuru mitaa 10 ihame. Tukatoka mbiombio.

Hatuombi kiongozi ajue yote. Aseme kile anajua, kile hajajua bado, na saa gani atasema tena. Aseme ku radio, kwa Kiswahili, si Kifaransa cha karatasi tu. Mama wa soko naye iko na haki ya kujua lava inaelekea wapi. Tunadai hiyo leo, mbele mlima haujapasuka tena.