Ipole: njia panda iliyopata lami

Msikilizaji, ukitoka Tabora mjini kuelekea kusini utapita Sikonge, kisha utafika Ipole. Hapo barabara inagawanyika. Moja inashika magharibi, inavuka mto Koga kwenda Mpanda. Nyingine inaendelea kusini kwenda Rungwa, Chunya hadi Mbeya. Kijiji ni kidogo, ila mahali kilipo panatamaniwa.

Njia za huku zimewahi kupanda na kushuka. Septemba 1871 Stanley alipotoka Kwihara kwenda Ujiji alizungukia kusini kupitia Ugunda, kwa kuwa vita vya Mirambo vilikuwa vimefunga njia ya magharibi. Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma 1914. Mizigo ikapanda treni, upande wetu ukabaki na misitu, asali na baadaye tumbaku.

Sasa lami ya Tabora hadi Mpanda, kilomita zipatazo 340, ilizinduliwa mwaka 2022, na kila mwenye mtaji kidogo anataka kibanda pembeni mwa barabara. Hatuwalaumu. Gari lisiposimama, lami inapitisha vumbi la wengine tu, na mteja husimama pale anapoona chai na chapati.

Lakini pembeni ni wapi? Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, zikipimwa kuanzia katikati ya barabara. Aliyekuwa kihalali ndani ya zile mita 7.5 zilizoongezwa kabla ya sheria hiyo ana haki ya kulipwa fidia eneo likihitajika. Aliyejenga baadaye hana, hata kama alimlipa mtu fedha na akapewa karatasi. Na tukumbuke, ni serikali yenyewe iliyowapeleka watu wengi kandokando ya barabara wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, kwa hiyo mzee anayeuliza leo kwa nini anaambiwa asogee anauliza swali la haki.

Kabla ya kununua kiwanja, chukua futi kamba, pima mita 30 kutoka katikati ya lami. Kisha nenda ofisi ya kijiji, omba kuona muhtasari wa mkutano mkuu ulioidhinisha ardhi hiyo igawiwe. Ukiambiwa muhtasari upo nyumbani kwa mtu, fedha yako ibaki mfukoni.