VUMBI LA MERERANI SI UCHAWI



Kila mwaka vijana wetu wanateremka Mererani kuchimba tanzanaiti. Akirudi na pesa, tunampokea kwa vigelegele. Akirudi anakohoa, tunanong'ona kwamba karogwa. Hapo tunakosea, ndugu zetu.

Mwamba ukichorongwa mkavu na kupigwa baruti hutoa vumbi laini la mawe. Vumbi hilo linaingia mpaka ndani ya mapafu, linayatia makovu, na dawa ya kuyaondoa haipo. Tena mapafu yakishaharibika, kifua kikuu kinaingia kwa urahisi. Hicho kinatibika, na dawa zake ni bure.

Kitambaa puani hakitoshi. Tunasema hivi: wachorongaji wapewe maji ya kulowanisha mwamba, na baada ya baruti watu wangoje vumbi litulie. Mwenye mgodi asiyetoa maji, tusimpe vijana wetu.

Anayekohoa wiki mbili aende zahanati, aseme wazi kwamba alikuwa mgodini. Hospitali ya Kibong'oto inaujua ugonjwa huu.

Mwaka 1973 wazee wetu walifundishwa kwamba Mtu ni Afya. Somo bado ni lile lile.

Katibu wa Chama, Kijijini