UKURASA WA WAZAZI: Mtoto mwenye kukaa mdomo wazi

Mwezi huu naandika juu ya watoto wenye kukaa darasani mdomo wazi. Wenzao wanawacheka, na sisi wakubwa tunasema: "Funga kinywa, unakaa kama mjinga." Kumbe pengine hana njia ingine ya kupumua.

Ndani ya pua mna ukuta wenye kutenga matundu mawili. Kwa watu wengi umepinda kidogo, hakuna shida. Ukipinda sana, toka kuzaliwa ama kwa kupigwa mpira, upande mmoja unaziba. Sasa angalieni: ukuta huo umesimama juu ya dari ya kinywa. Dari ya kinywa ndiyo sakafu ya pua! Ikiwa nyembamba na imepanda juu, pua nayo inakosa nafasi. Na mtoto akipumua kwa kinywa siku zote, ulimi unalala chini, hausaidii taya la juu kupanuka. Meno yanabanana, ya juu na ya chini hayakutani vizuri.

Mwaka 1981, huko Marekani, Egil Harvold na wenzake waliandika kwamba waliziba pua za tumbili wadogo, na taya zao zikabadilika. Jaribio la kikatili, lakini lilionyesha kitu. Hata hivyo si kila meno mabaya yanatoka puani: kuna ya kurithi, kuna ya kunyonya kidole. Na kwa watoto, pua inazibwa zaidi na vinyama vya nyuma yake vikivimba, ama na mafua ya vumbi na moshi wa mbabula, kuliko ukuta kupinda.

Mtoto asipokuwa na mafua, ziba tundu moja, avute pumzi kwa lingine, kisha badilisha. Kama hawezi, ama anakoroma kila usiku, mpelekeni kituo cha afya angali mdogo, maana taya linapanuliwa kwa urahisi kabla mifupa haijakomaa. Operesheni ya ukuta mara nyingi inangoja akue.

Lakini akipigwa puani, na pua ikavimba ndani na kuziba, msingoje hata siku moja. Damu ikijikusanya kwenye ukuta, gegedu lake linakufa na pua inabonyea. Na kama tundu moja tu linatoa usaha wenye kunuka, waulizeni wadogo zake: mara nyingi mna harage humo.