Nani amekuambia utupe dawa za presha?

Leo nasema wazi, atakayekasirika na akasirike.

Kuna watu wanaombewa kanisani, halafu mtu anawanong'oneza: "Ukiendelea kumeza hizo tembe, huna imani." Hilo si Neno. Soma 2 Wafalme 20. Mungu alimwahidi Hezekia uponyaji na miaka 15 zaidi, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu. Je, Isaya alikosa imani?

Moyo wako ulianza kupiga wiki kama tatu hivi baada ya mimba kutungwa, pengine mama yako hajajua bado kama uko. Leo unapiga karibu mara 100,000 kwa siku. Presha ikipanda unasukuma damu kwa nguvu kupita kiasi, ukuta wake unanenepa, mwishowe unachoka. Na mara nyingi husikii chochote! Kwa hiyo usiniambie, "Pasta, najisikia vizuri, nimepona." Umepimwa? Imesoma ngapi? 140/90 kwenda juu, ikirudia siku tofauti, hiyo ni presha. Kama umepona, mashine itaonyesha, na daktari ndiye atapunguza dawa. (Na wewe unayenyunyizia chakula chumvi kabla hujaonja, hapo hakuna pepo wa kukemea.)

Jumapili hii, baada ya ibada ya kwanza, kutakuwa na muuguzi na mashine pale mlangoni. Mimi nitapimwa wa kwanza. Wewe uliyemwambia mama yetu atupe tembe zake, njoo naye.