Kompyuta Kuwaka Si Kutulia

Leo tuongee kuhusu ovakloki, yaani kuikimbiza prosesa kupita kasi iliyotoka nayo kiwandani. Vijana wanaojiundia kompyuta hapa Nakuru huulizana swali moja: "Niweke volti ngapi?" Mtu akijibiwa 1.35, anaingia kwenye BIOS, anaandika 1.35, Windows inafunguka, basi anashangilia. Mimi nasema bado hajapata kitu.

Msimamo wangu ni huu: volti tulivu si ile inayowasha kompyuta. Ni ile ndogo kuliko zote inayoiwezesha prosesa kufanya kazi nzito usiku kucha bila kukosea hesabu hata moja.

Kwa nini ndogo? Kwa sababu umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Chukua prosesa ya gigahezi 4.0 kwa volti 1.20, uipeleke 4.4 kwa volti 1.35. Kasi imeongezeka asilimia 10, umeme umepanda karibu asilimia 40. Umeme huo wote unageuka joto, na joto lazima litolewe. Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Feni ileile, ikizunguka vilevile, inaondoa joto kidogo zaidi huku kwetu. Baridi ya usiku wa Julai isikudanganye. Rudia jaribio mchana wa Februari.

Usinakili namba ya mtu mwingine. Prosesa mbili za jina moja, za kiwanda kimoja, hazilingani. Moja itaridhika na volti 1.25, nyingine itadai 1.32 kwa kasi ileile. Tena namba uliyoandika kwenye BIOS huenda siyo inayofika: mzigo ukipanda, volti hushuka kidogo, kama taa za ploti zinavyofifia fundi wa jirani akiwasha mashine ya kuchomelea. Isome volti prosesa ikiwa kazini, si ikiwa imelala.

Sasa tuje kwenye stima. Tuko jirani na Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umezalisha umeme tangu 1981, lakini ujirani huo hautuzuii kukatikiwa. Wapo wanaonunua stabilaiza wakidhani imetuliza prosesa. Stabilaiza inashughulikia volti 240 za ukutani. Pawa saplai huzishusha hadi 12, kisha ubao mkuu huzishusha tena hadi volti moja na kitu. Ni mambo mawili tofauti. Hatari iko hapa: stima ikiyumba katikati ya jaribio, kompyuta inajizima na kuwaka tena, nawe unailaumu prosesa na kuiongezea volti isiyohitaji. Fanya majaribio ukiwa na UPS, la sivyo hutajua ni nani mkosaji.

Njia yenyewe inataka subira. Panda megahezi 100 kila mara. Ikishindwa, ongeza volti 0.01, si zaidi. Tumia Prime95, programu ya kutafuta namba tasa, kwa kuwa jaribio lake hulinganisha majibu ya prosesa na majibu yanayojulikana na kukuonyesha kosa. Ukifika mahali ambapo hatua ndogo ya kasi inadai volti nyingi, rudi hatua moja nyuma, kaa hapo.

Ukidhani natia chumvi, kumbuka yaliyowapata Intel. Mwaka 2024 walikiri kwamba prosesa zao za kizazi cha 13 na 14 za kompyuta za mezani zilikuwa zikiomba volti kupita kiasi, na zilikuwa zikiharibika polepole. Agosti mwaka huo walitoa marekebisho yaliyozuia maombi ya zaidi ya volti 1.55, na dhamana wakaiongeza miaka miwili. Kabla ya hapo michezo ilikuwa ikianguka na kudai kumbukumbu ya kadi ya picha imeisha, kumbe mgonjwa ni prosesa. Ikiwa mtengenezaji mwenyewe aliteleza, namba ya kuokota mtandaoni ina dhamana gani?

Mwenye kovu usidhani kapoa. Kompyuta inayoanguka ni afadhali, maana imekuambia. Ya kuogopwa ni ile inayoendelea kufanya kazi huku ikikosea kimya kimya. Ukiwa unacheza gemu, hasara ni jioni moja. Lakini wengi wetu tunaiweka mashine hiyohiyo hifadhidata ya mteja, labda hesabu za maziwa za wakulima wa Njoro au Molo. Tarakimu moja ikigeuka, kuna mzee atakayelipwa pungufu mwisho wa mwezi, na hatajua kwamba chanzo ni gigahezi zako.

Kwa hiyo kama kompyuta ni ya kazi, ushauri wangu ni kinyume cha ovakloki: iache kasi ya kiwandani, kisha punguza volti kidogo kidogo huku ukipima vilevile. Utapata mashine baridi, feni isiyopiga kelele, na UPS itakayokuvumilia zaidi stima ikipotea. Kama ni ya kujifurahisha, ikimbize utakavyo. Ila usimwambie mtu imetulia kabla haijamaliza usiku mzima bila kosa.