Mazungumzo ya Juma: Manowari Petard na Askari Wetu



Juma lililopita nilipokea barua ya kijana mmoja wa Takaungu. Asema kwamba babu yake alikuwa askari wa mizinga katika Vita Kuu ya Pili, akapanda meli Kilindini mwaka 1944, wala hakurudi. Nyumbani waliambiwa tu kwamba alikufa baharini. Kijana auliza: "Je, meli ile haikuwa na ulinzi?" Swali hili ni la haki, nami nitalijibu kwa kueleza habari za manowari moja iliyokuwapo siku ile.

Vita vile havikuwa mbali na pwani yetu. Mwezi wa Oktoba, 1940, ndege za Waitaliani ziliangusha mabomu hapa Malindi. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka, Waingereza walihamishia Kilindini makao ya manowari zao za Bahari ya Hindi. Nyambizi, yaani manowari ziendazo chini ya maji, zilikuwa zikivizia meli njiani. Kwa hiyo meli za abiria na mizigo zilisafiri kwa misafara, na manowari za ulinzi zikienda ubavuni, kama mchungaji apitishapo mbuzi wake penye chui.

Petard ilikuwa mmojawapo wa walinzi hao. Iliundwa Newcastle, Uingereza, ikashushwa majini mwezi wa Machi, 1941, ikaanza kazi mwaka 1942. Tarehe 30 Oktoba mwaka huo, katika Bahari ya Mediterania, Petard na wenzake waliilazimisha nyambizi ya Wajerumani, U-559, kuibuka. Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier waliingia ndani yake ilipokuwa ikizama, wakawa wakimpa vitabu vya maandishi ya siri kijana wa kantini, Tommy Brown, mwenye umri wa miaka 16. Vitabu viliokoka, lakini Fasson na Grazier walizama nayo. Kwa vitabu hivyo Waingereza waliweza kusoma tena amri zilizopelekewa nyambizi za Wajerumani, jambo lililowashinda kwa miezi kumi, na meli nyingi ziliponea hapo. Mwezi wa Desemba Petard ilishiriki kuizamisha nyambizi ya Waitaliani, Uarsciek.

Sasa tuje kwenye msiba wetu. Mwanzoni mwa Februari, 1944, wakati wa kaskazi, ambapo majahazi huja kwetu kutoka Bara Hindi, meli tano zilitoka Kilindini kwenda Ceylon zikilindwa na manowari kubwa Hawkins. Katika mojawapo, Khedive Ismail, walikuwamo watu 1,511. Wengi wao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, waliokuwa wakienda kujiunga na wenzao waliojitayarisha kwa vita vya Burma. Walikuwamo pia mabaharia, na wanawake wauguzi. Njiani manowari Petard na Paladin zikaja kuongeza ulinzi.

Jumamosi, tarehe 12 Februari, yapata saa nane u nusu mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani, I-27, iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili au tatu. Wengi waliokuwa vyumba vya chini hawakupata nafasi ya kufika juu.

Waliosalia walikuwa wakielea, wakingoja kuokolewa, na nyambizi ikawa imejificha chini yao. Hapo nahodha wa Petard, Rupert Egan, alipatwa na jambo ambalo simtakii mtu yeyote. Akiiacha, huenda ikazizamisha meli nyingine zilizojaa watu. Akiipiga, atawaua wale wale aliotumwa kuwalinda. Aliamua kupiga. Mapipa ya baruti yalitupwa majini, yakalipuka kati ya waogeleaji, na baadhi yao wakafa. Nyambizi ikaibuka. Paladin ilijaribu kuigonga ikapasuka yenyewe, mizinga nayo haikuivunja, hata topido ya saba ya Petard ikaimaliza. Waliookolewa katika Khedive Ismail ni wanaume 208 na wanawake 6. Watu 1,297 walikufa.

Basi Petard huhesabiwa kuwa manowari pekee iliyozamisha nyambizi za Wajerumani, za Waitaliani na za Wajapani. Ilivunjwa mwaka 1967, lakini sifa hiyo haikuvunjwa. Fasson na Grazier walipewa nishani ya George Cross baada ya kufa kwao, nao walistahili.

Ndugu yangu wa Takaungu, ulinzi ulikuwapo, lakini haukutosha. Mimi niketiye mezani na kalamu sithubutu kumhukumu Bwana Egan. Nisemalo ni hili: kila asimuliaye sifa ya nyambizi ya tatu, na ataje pia gharama yake, maana waliolipa sehemu kubwa ni vijana wa Afrika Mashariki.

Katika makaburi ya vita yaliyoko Nairobi, barabara ya Ngong, iko kumbukumbu yenye majina ya askari wa kikosi kile. Upatapo safari, ukalitafute jina la babu yako. Ukiliona, liandike katika daftari la nyumbani, pamoja na tarehe na jina la meli, ili wanao wasiambiwe tu kwamba alikufa baharini.